LIPI LITANGULIE? NENO KWA ATAKAYE KITI CHA BARAZA LA MJI



Kila miaka 5 miji yetu ya Tanzania hupambwa kwa picha za watu watakao udiwani, na kila mmoja huja na karatasi yake ya ahadi. Nimezisoma nyingi. Aghalabu zafanana kama ndugu wa tumbo moja: maji, barabara, zahanati, shule, soko, taa za njiani, kiwanja cha mpira, mikopo ya vijana, ulinzi wa usiku. Msomaji huitazama orodha ile akasema, "Huyu atupenda, maana hakusahau hata jambo moja." Mimi nasema kwamba karatasi ya namna ile haijaahidi kitu. Mfuko wa Halmashauri ni mmoja, na mwaka wa fedha una miezi 12 tu. Hauwezi kubeba mambo tisa kwa pamoja. Mtu asiyesema lipi litangulie na lipi lingoje hakusema neno. Ameliacha neno hilo lisemwe na mwingine, mahali pengine, nyuma ya mlango.

Basi rai yangu ni hii, nami naiweka mbele tangu mwanzo ili mwenye kuipinga aipinge vema. Kazi ya diwani si kuzijua haja za watu, kwa kuwa haja zajulikana na kila mtu, hata na mtoto atumwaye dukani. Kazi yake ni kuzipanga safu pamoja na wenye haja, kisha kusimama mbele yao na kusema: hili kwanza, hili la pili, na hili mwaka huu halitawezekana, na sababu ni hizi. Asiyeweza kulisema la tatu hafai kupewa la kwanza.

Huenda mtu akauliza, kwa nini maneno haya yaandikwe katika gazeti la watumishi, wala si katika magazeti ya siasa? Naona hapa ndipo mahali pake. Mwaka 1922, mjini Tanga, Bwana Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika. Katika siku zile karani Mwafrika aliandika makisio ya fedha ya mji mzima kwa mkono wake, akayapiga chapa, akayafunga kwa uzi, wala hakuwa na sauti hata moja ya kusema fedha zile zitumike wapi. Dar es Salaam ilipata Baraza la Manispaa mwaka 1949, na Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wake, marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi, alikishika kiti kile mwaka 1960. Hesabuni wenyewe: toka chama kile cha Tanga mpaka Meya yule ni miaka 38. Kiti ambacho wengi wetu leo twakidharau, tukisema ni cha wenye kelele, wazee wetu walikingoja muda wa utumishi wa mtu mzima tangu kuajiriwa hata kustaafu.

Tena sisi ndio watu wa makisio. Mwalimu mkuu ajua gharama ya paa. Mganga wa zahanati ajua dawa zilikwisha lini. Karani wa fedha ajua fungu lipi lilibaki na lipi lilikauka mwezi wa tatu. Elimu hii yote tunayo, na jioni tunarudi nayo nyumbani, tukaifungia kabatini pamoja na koti.

Nitatoa mfano wa mambo yaliyopata kutokea, ili isionekane kwamba nanena kwa nadharia tu. Mwaka 1972 Serikali ilitangaza mpango wa Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zikavunjwa, na mabaraza ya miji nayo hayakukaa sana yakafuata. Nia ilikuwa njema, kwa maana ilitakiwa wataalamu wapelekwe karibu na wananchi, maendeleo yaende mbio. Walakini katika mji kuna kazi ambazo si za kwenda mbio, bali ni za kurudiwa kila siku: kuzoa taka, kuzibua mifereji, kusafisha vyoo vya soko, kutengeneza bomba lililopasuka, kunyonya mashimo yaliyojaa. Kazi hizi hazina sherehe ya kuzifungua, wala hakuna mkubwa akatae utepe mbele ya karo. Baraza la mji lilipoondoka, kazi hizi zikakosa mwenyewe. Mwaka 1977 kipindupindu kikazuka nchini, kikaenea, na hali ya usafi wa miji ikaonekana na kila mtu jinsi ilivyokuwa. Mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kurudisha mabaraza ya miji. Kisha mwaka 1982 zikaja sheria kamili za Serikali za Mitaa, moja ya wilaya na moja ya miji, na Halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984. Katika Katiba yetu ibara ya 145 na ya 146 zasema kwamba vyombo hivi vitakuwako, na shabaha yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Sisemi kwamba kuvunjwa kwa mabaraza peke yake ndiko kulikoleta ugonjwa. Maradhi yana sababu nyingi. Nasema kwamba historia ile yatufundisha jambo moja la hakika: kazi nyonge isipokuwa na mtu wa kuitanguliza, hufa kimya kimya, na baadaye huua kwa sauti. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wangalikaa mjini wangalisema, usipozibua mfereji utachimba kaburi.

Mfano wa pili ni wa watu waliojua kutanguliza. Katika Dar es Salaam, kando ya bonde la Msimbazi, kuna mtaa uitwao Hanna Nassif. Ulikuwa mtaa uliojengwa bila kupimwa, na mvua za masika zikija maji yalikuwa yakiingia nyumbani mwa watu. Toka mwaka 1994 mpaka 2000 wakazi wa mtaa ule, wakisaidiana na Halmashauri na wafadhili, waliutengeneza mtaa wao. Haja zao zilikuwa nyingi kama za kila mtaa usiopimwa. Lakini walikaa, wakasemezana, wakatanguliza mifereji ya maji ya mvua na njia za kupitia. Tena kazi yenyewe sehemu kubwa ikafanywa kwa mikono ya wakazi wenyewe, wanaume kwa wanawake, nao wakalipwa ujira wao. Fikirini hekima yake. Mtu ambaye nyumba yake hujaa maji, ukimpa shule, mtoto hatafika shuleni siku ya mvua. Ukimpa zahanati, utakuwa umempa mahali pa kutibiwa homa ya maji yale yale. Mfereji ulikuwa ndio mlango wa haja nyingine zote. Hivyo ndivyo jambo la kwanza linavyotambulikana: si lile lipendezalo kuliko mengine, bali ni lile ambalo lisipofanywa, mengine yote yatakuwa kazi bure.

Na wasiotanguliza jambo hili wamelipa. Mwezi wa Desemba mwaka 2011 mvua kubwa ilinyesha katika Dar es Salaam, bonde la Msimbazi likafurika, makumi ya watu wakapoteza maisha, na wengi wakahamishiwa Mabwepande. Katika jambo kama lile hakuna awezaye kusema, "Hatukujua." Bonde lilikuwapo, masika na vuli huja kila mwaka, na taka katika mifereji zilionekana kwa macho.

Sasa nije kwa yule atakaye kugombea. Nitampa maswali matatu ya kuuliza juu ya kila haja kabla hajaitia katika karatasi yake.

Swali la kwanza: jambo hili lisipofanywa mwaka huu, nani atapatwa na nini? Kuna haja za aibu, kuna haja za taabu, na kuna haja za mauti. Ofisi ya kata isiyo na rangi ni aibu. Soko lisilo na paa ni taabu. Choo cha shule kilichotitia, nacho kina watoto mia wakipangana mlangoni, ni mauti yanayongoja siku yake. Si haki haja ya aibu itangulie haja ya mauti kwa sababu tu ya aibu huonwa na wageni.

Swali la pili: je, jambo hili liko mikononi mwa Halmashauri? Hapa ndipo wagombea wengi wanapowadanganya watu, na wengine hujidanganya wenyewe kwa kutojua. Toka Julai mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini zilizokuwa za Halmashauri ziko chini ya TARURA. Maji ya Dar es Salaam ni ya DAWASA, na miji mingine ina mamlaka zake za maji. Umeme ni wa TANESCO. Shule, zahanati, masoko, uzoaji wa taka na vyoo vya umma vimebaki kwa Halmashauri. Basi diwani akisema, "Nitawaletea lami," ameahidi mali ya jirani. Aseme kweli: "Lami si yangu kuitoa, bali nitakwenda kuidai, nami nitawaletea majibu niliyopewa." Tena uone jinsi mambo yalivyofungamana: mfereji ulio kando ya barabara una mwenyewe, na taka ziuzibazo zina mwenyewe mwingine. Huyu akizibua, yule asipozoa, mvua moja tu hurudisha hali ya kwanza. Kuwaketisha hao wawili meza moja, hiyo ndiyo kazi ya diwani, na haihitaji fedha nyingi. Yahitaji miguu na ukaidi.

Swali la tatu: jambo hili likiisha kujengwa, nani atalilisha? Sisi watumishi twalielewa swali hili kuliko watu wote. Jengo huliwa fedha mara moja, lakini kulitunza huliwa fedha kila mwezi. Katika mpango wa afya ya msingi wa mwaka 2007 hadi 2017 taifa lilikusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Ni kusudi jema sana. Ila mwenzetu yeyote wa idara ya afya atakwambia kwamba kuta husimama upesi kuliko waganga wanavyopatikana, na mlango uliofungwa kwa kufuli hautibu mtu. Anayetaka zahanati ya pili na aonyeshe kwanza kwamba ya kwanza ina mkunga usiku.

Mtu akiisha kuuliza maswali haya matatu, atakuta orodha yake ya mambo tisa imekuwa ya mambo matatu au manne. Asione haya. Mambo matatu yenye safu ni ahadi. Mambo tisa yasiyo na safu ni ngoma ya arusi, ikiisha watu hurudi makwao.

Lakini asiipange safu hiyo peke yake chumbani. Sheria yetu imeweka mkutano wa wakazi wa mtaa, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana haki ya kuuhudhuria. Na juu yake iko Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani mwenyewe na katibu wake ni Mtendaji wa Kata. Tena tangu miaka ya mwanzo ya karne hii Serikali imekuwa na utaratibu wa kupanga mipango uitwao Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao kusudi lake ni wenyeji wenyewe waseme walicho nacho, wakosacho, na kitangulie kipi. Njia imetengenezwa, wasafiri ndio haba. Katika mikutano mingi ya mitaa utaona wazee wachache, vijana waliokosa kazi, na mwenyekiti akitazama saa. Mwalimu hayupo, mganga hayupo, karani yupo nyumbani akitazama mpira. Kisha baraza likipitisha jambo la upuuzi, hao watatu ndio wa kwanza kulicheka.

Iko namna nyepesi ya kuwafanya watu wapange safu, nayo haitaki fedha wala karatasi. Mkutano ukiisha kutaja haja zake, kila haja iwekewe kopo lake, na kila mtu apewe maharagwe matatu. Aweke yote matatu katika kopo moja akipenda, au ayagawe. Kisha yahesabiwe mbele ya wote. Kwa njia hii mama mwuza vitumbua, ambaye hasemi mkutanoni kwa kuwaona haya wakubwa, anakuwa na sauti sawasawa na mwenye duka kubwa. Na nawaambia, makopo yatasema jambo ambalo wasemaji hawakulisema. Wanaume hupenda kutaja barabara. Wanawake, ambao ndio wachotao maji na wapelekao watoto kliniki, makopo yao hujaa mahali pengine. Diwani asiyejua tofauti hiyo anaiongoza nusu ya kata tu.

Tena azingatie majira. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na Bunge hukaa juu ya makisio toka Aprili mpaka Juni. Makisio ya Halmashauri yametoka mezani pa Baraza kabla ya hapo, na haja za mitaa zimekusanywa kabla ya hapo tena. Mtu ajaye mwezi wa Mei na ombi lake, hata liwe la haki kama kiu, amekuta treni imekwisha kuondoka. Kila mtumishi ajua jambo hili; wakazi wengi hawalijui, wakadhani wamenyimwa kwa chuki. Kuwafundisha kalenda hiyo ni zawadi kubwa kuliko fulana na kofia.

Na aujue mfuko. Halmashauri ya mji hupata mapato yake kwa ushuru wa huduma utozwao juu ya mauzo ya biashara, kwa leseni, kwa ushuru wa masoko na mfano wa hayo. Kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na toka mwaka 2021 hukatwa mtu anunuapo umeme wa LUKU. Katika mapato ya ndani asilimia 10 imewekwa na sheria kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa wenye ulemavu, nayo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ikarejeshwa. Mgombea asiyejua hesabu hii, akiahidi mikopo kana kwamba inatoka mfukoni mwake, amewatukana wapiga kura. Mikopo ile ni haki kwa sheria. Swali la kumwuliza ni hili: vikundi vilivyopewa mwaka uliopita ni vipi, na vilirudisha kiasi gani?

Sasa nitajibu pingamizi, maana najua zitakuja, na nyingine zina uzito.

Wa kwanza atasema: "Safu tuipange, lakini amri zatoka juu." Kweli. Tulijionea mwaka 2012 hadi 2015, ilipoagizwa kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara. Viongozi wa kata wakaacha waliyokuwa wakiyafanya, wakapita nyumba kwa nyumba wakichanga fedha. Maabara ni kitu chema, wala hapana mwenye akili apingaye mtoto kusoma sayansi. Walakini kata iliyokuwa na safu yake iliyoandikwa na kupigiwa kura iliweza kusema, "Amri tumeisikia, nayo tutaitimiza, ila choo cha shule ile ile kinaporomoka, nanyi mtupe nafasi tukimalize." Kata isiyo na safu haina la kujibu. Asiye na mpango wake hutumika katika mpango wa mwenziwe.

Wa pili atasema: "Diwani hana nguvu, Mkurugenzi ateuliwa na Rais, wala si na Baraza, na Baraza lenyewe laweza kuvunjwa." Hili nalo ni kweli. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, ikawekwa Tume mpaka mwaka 2000. Na Februari mwaka 2021 ikavunjwa tena, Manispaa ya Ilala ikapandishwa daraja kuwa Jiji. Tangu mwaka 1972 basi, Baraza la Dar es Salaam limeondolewa mara tatu. Siwezi kuwaambia kwamba mti huu una mizizi mirefu. Lakini naona sababu hiyo hiyo yatupasa tuumwagilie maji. Baraza ambalo wakazi hawajui lilifanya nini, likivunjwa hakuna aulizaye. Baraza lililowaambia watu, "Mwaka huu ni vyoo vya shule 4, navyo hivi hapa," litakuwa na watu wa kulisemea.

Wa tatu atasema: "Vyama ndivyo vichaguavyo mgombea, na viti vingi vimepita bila kupingwa." Ni kweli pia, na mimi sipendezwi nalo. Sheria yetu haimkubali mgombea asiye na chama, ijapokuwa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwaka 2013 kwamba kumzuia hivyo si haki. Na kiti kisichopingwa ni hasara kwa kila mtu, hata kwa aliyekipata, kwa kuwa hakuulizwa swali lolote. Hilo ni jambo la kudai kwa njia za halali, wala tusichoke kulidai. Lakini mkutano wa mtaa hauulizi kadi ya chama mlangoni. Hata pale ambapo kura imekuwa nyembamba, kupanga safu ya haja bado ni kwetu, na mtu aliyepita bila kupingwa hawezi kupita bila kuulizwa, ikiwa tutauliza.

Nimalize kwa yatupasayo sisi wenyewe, kwa makundi mawili.

Wenzangu mliostaafu, neno langu kwenu ni hili: gombeeni. Sheria yataka diwani awe na miaka 21 au zaidi, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mkazi wa eneo la Halmashauri ile. Mna hayo yote, na juu yake mna miaka 30 ya kusoma makisio. Mwajua mahali ambapo fedha hujificha katika daftari. Mwajua mkandarasi aletaye hati ya kazi ambayo haijafanyika. Sasa mwakaa barazani mkicheza bao na kusema nchi imeharibika. Bao ni mchezo mzuri wa akili; lakini kete za kata nazo zataka mchezaji, na msipozicheza ninyi, wako wanaozila.

Wenzangu mlio kazini, mambo yenu ni mengine. Atakaye kugombea na atazame kwanza masharti ya utumishi wake, aulize kwa maandishi, apate jibu kwa maandishi. Na wote tujilinde na ila moja mbaya: gari la idara, karatasi ya ofisi na saa za kazi si mali ya mgombea yeyote, wala wa chama kipendwacho wala wa chama kichukiwacho. Mtumishi ni wa watu wote. Lakini mtumishi huyo huyo, akivua koti la kazi, ni mkazi wa mtaa. Haki ya kuhudhuria mkutano hakuiacha ofisini. Aende. Asiende kuwatisha watu kwa Kiingereza na kwa vyeti, bali aende kuwasomea tangazo la mapato na matumizi kwa lugha wanayoielewa, na kuwafafanulia lipi ni fungu la mishahara na lipi ni fungu la maendeleo. Kazi hiyo ni ya saa mbili, tena haina posho, nami najua kwamba kwa baadhi yetu maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo magumu kuliko sheria zote nilizozitaja.

Na mgombea akija mlangoni pako na karatasi yake, mpe kiti, mpe maji, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Kisha mwambie: "Bwana (au Bibi), haya uliyoyaandika yote ni mema. Tafadhali chukua kalamu hii, uyape namba. Lipi la kwanza? Na lipi utakalotunyima?" Akiandika namba, hata usipokubaliana naye, umepata mtu wa kusemezana naye miaka 5. Akikataa kuandika, akicheka, akisema yote ni ya kwanza, mrudishie karatasi yake, umshukuru kwa kukutembelea, na kura yako uitunze.

Wasalaam.

Mimi mwenzenu,
MWANACHAMA MSTAAFU